Mwanga Uliomshika Seline

Saa tatu asubuhi Inspekta Lynette Ayoo alimwondoa askari aliyekuwa akimlinda Mzee Eliakim Obonyo hospitalini. Alimwondoa kwa simu, kikombe cha chai mkononi, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

"Austine, toka hapo sasa. Mshukiwa tuko naye selo. Kuja stesheni ulale kidogo."

Maneno hayo tu. Kabla haijagonga saa sita angetoa chochote alichokuwa nacho ili ayarudishe mdomoni.

Lakini tusimlaumu mbio. Kesi ilionekana imeisha. Siku tano nyuma Mwalimu Ndungu, mstaafu na mkulima wa viazi kutoka Ainabkoi, alikufa ghafla kwenye kitanda namba tatu cha hospitali moja ya binafsi upande wa Huruma. Alikuwa amelazwa na nimonia, na alikuwa anapona. Mkewe, Nyakio, alikuwa ameshamletea viatu vya kurudia nyumbani. Alasiri hiyo moyo wa mwalimu ukaanza kwenda mbio, ukasita, ukasimama. Damu aliyotolewa dakika chache kabla ya kukata roho ilijaa potasiamu, ile chumvi ambayo mwili unaihitaji kidogo tu. Ikimiminwa mshipani kwa wingi na kwa haraka inausimamisha moyo, hata uwe moyo wa fahali.

Aliyeona yote alikuwa mtu mmoja, Mzee Obonyo wa kitanda namba nne, fundi wa kushona viti vya magari pale Huruma. Balaa ni kwamba kiharusi kilikuwa kimemfunga mdomo na mkono wa kulia. Lynette alipomwonyesha picha za wafanyakazi wa wodi, mzee alitetemeka, akatokwa na machozi, mashine ikaanza kulia, na Daktari Vincent Amolo akawafukuza wote. "Mnataka kumuua mzee kwa presha?" alisema, na Lynette akaomba radhi. Ila hakuondoka bila kuweka askari. Aliyemuua Ndungu alijua kama walivyojua wote kwamba siku ulimi wa mzee utakapofunguka, mambo yatakuwa hadharani.

Basi jana yake jibu likapatikana. Mabaki ya dripu aliyotundikiwa Ndungu yalipimwa kwa rangi inayowaka ikikutana na potasiamu, yakang'aa. Na dripu hiyo aliitundika nesi mmoja tu, Seline Okumu, ambaye kufikia magharibi alikuwa ameketi selo bila viatu, akilia na kusema, "Mimi niliweka maji ya chumvi tu, Madam. Maji ya chumvi tu." Saa nane mchana angepelekwa mbele ya hakimu.

Ndiyo sababu, saa nne na nusu, Lynette alikuwa Kapseret, kwenye maabara ndogo ya utafiti nyuma ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Ripoti ya mahakama ingetoka kwa mkemia wa serikali, nayo ingechukua wiki. Hii ya Kapseret ilikuwa ya kumwonyesha njia, na barua ya Dakta Mbuthia, mtafiti wa hapo, ingetosha kumshawishi hakimu amzuie Seline kwa siku kadhaa.

Mbuthia alikuwa mwembamba, mchangamfu, mwenye mazoea ya kuongea na miwani ikiwa juu ya paji la uso. Aliisukuma barua mezani pamoja na picha.

"Nimeweka sahihi. Chukua."

"Nieleze tena kwanza," Lynette alisema. "Polepole, kama unamweleza hakimu aliyeshiba."

Mbuthia alicheka. "Haya. DNA ambayo kila mtu anaijua ni ngazi iliyosokotwa, nyuzi mbili. Hii yangu siyo hiyo. Ni uzi mmoja, mfupi, umejaa herufi moja, G, imerudiwarudiwa. Ukiuweka kwa maji safi unaelea tu, hauna umbo. Sasa uwekee potasiamu."

"Unafanya nini?"

"Unajikunja. G nne zinashikana zinakuwa mraba. Mraba mwingine unakaa juu yake, na mwingine juu ya huo. Potasiamu inaingia katikati kama kigingi, inashikilia yote yasimomonyoke. Hiyo ni DNA ya nyuzi nne, si mbili."

"Na rangi?"

"Rangi peke yake kwenye maji ni giza. Molekuli yake ina vipande viwili vinavyozunguka, kimoja hivi, kingine hivi." Alisokota mikono yake hewani. "Ukiimulika, nguvu yote inapotea kwa huko kuzunguka. Lakini ikipata ule mraba, inalala juu yake, inabanwa, haizunguki tena. Ile nguvu haina pa kwenda. Inatoka kama mwanga."

"Kwa hivyo bila potasiamu hakuna mraba. Bila mraba rangi haina pa kushika. Isiposhika, giza."

"Umemaliza kazi yangu, Inspekta. Naweza kwenda nyumbani."

"Dripu nayo ina sodiamu. Wakili atauliza."

"Aulize. Nimechagua uzi ambao sodiamu haiuwezi. Na nimeweka vya kulinganisha. Tazama picha. Hiki cha kwanza ni maji safi. Giza. Cha pili ni dripu mpya kutoka duka la dawa. Giza. Cha tatu ni dripu ya Seline."

Kichupa cha tatu kwenye picha kilikuwa kinawaka kijani cha kutisha. Lynette alikuwa ameitazama picha hiyo jana mara kumi, na mara zote kumi aliutazama mwanga. Leo, sijui kwa nini, aliangalia vichupa.

"Daktari. Hivi viwili vina mifuniko."

"Ndiyo."

"Hiki cha tatu hakina. Mdomo wake ni mpana. Hiki si kioo?"

Mbuthia alishusha miwani machoni. "Ni kioo. Vya plastiki viliniishia, mzigo umekwama Nairobi. Vilibaki viwili. Nikaweka humo maji na dripu mpya. Ya Seline nikaiweka kwenye kioo."

"Vya plastiki vilikuwa vipya?"

"Vipya kabisa, kwa pakiti."

"Na cha kioo?"

"Kimeoshwa. Vinaoshwa kila siku."

"Na nani?"

"Inspekta, kioo ni kioo." Alijaribu kutabasamu.

Lynette hakutabasamu. Katika kazi yake alikuwa amejifunza jambo moja, kwamba mtu mwenye digrii tatu hajui kinachoendelea kwenye sinki lake. Aliinuka, akauliza sinki liko wapi, akaelekea huko bila kungoja kuongozwa.

Lilikuwa nje, uani. Mfereji ulikuwa mkavu, ndoo mbili zimefunikwa kwa sahani, na juu ya kitambaa safi vichupa vya kioo vilikuwa vimepangwa kichwa chini, vinametameta kwa jua. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono kijivu hadi viwiko.

"Mama, habari ya kazi?"

"Nzuri, nyathina, mwanangu." Alimtazama beji, kisha uso. "Ayoo! Haiya, kumbe ni wetu. Mimi ni Selpha. Wa Huruma, lakini nyumbani ni kule ziwani kama wewe. Umekuja kutushika?"

"Leo hapana. Vichupa vimeng'aa sana, Mama. Unaviosha na nini?"

"Na sabuni."

"Iko wapi niione?"

Mama Selpha aliendelea kusugua. Kisha akaacha kusugua. Alitazama nyuma ya Lynette, akamwona Mbuthia mlangoni, na hofu ikamwingia waziwazi usoni.

"Nyathina, usiniletee shida. Miaka tisa niko hapa."

"Shida iko na mtu mwingine, Mama. Ni nesi, yuko ndani, na leo anapelekwa kortini kwa mauaji. Niambie tu."

"Sabuni iliisha wiki mbili. Nikasema, nikaambiwa itakuja. Sasa ningekaa? Nikaleta majivu." Aliinua mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa unga wa kijivu. "Si majivu ya ovyo. Ni ya maganda ya maharagwe na magunzi, yale tunachuja maji yake, munyu, tukapikia mboga ya mrenda. Hayo ndiyo makali. Hakuna sufuria yameshindwa. Nimelea watoto sita na sufuria za majivu na hakuna aliyeharisha."

"Na kusuuza?"

"Nasuuza mara moja. Maji hakuna tangu Jumatatu, kwani nitasuuza na mate?"

Nyuma yao kitu kilianguka. Ilikuwa miwani ya Mbuthia. Hakuinama kuiokota.

"Ngai," alisema polepole. "Munyu."

"Munyu umefanya nini?" Lynette aliuliza.

"Majivu ya mimea, Inspekta. Hasa hayo ya maharagwe na magunzi. Yamejaa potasiamu. Nimekula mrenda wa munyu kwa majirani miaka yote hii na sikuwahi..." Alivitazama vichupa kitambaani. "Hicho kioo kingeng'aa hata ningeweka maji safi."

Mama Selpha aliketi juu ya ndoo. "Yawa! Nimemfunga mtoto wa watu?"

"Si wewe, Mama," Lynette alimwambia, na alimaanisha. "Ni sisi tuliona mwanga tukaridhika."

Alikwenda kwenye gari mbio, akafungua buti, akatoa boksi la vielelezo. Mlikuwa na vichupa vya plastiki vipya, kila kimoja ndani ya karatasi yake. Mbuthia alivipokea. Katika cha kwanza aliweka maji safi. Cha pili, maji safi yaliyosuuziwa kichupa kimoja cha Mama Selpha. Cha tatu, dripu ya Seline. Akadondosha uzi wake, akadondosha rangi ya manjano, akavipanga ndani ya sanduku jeusi lenye taa ya bluu, akafunga.

"Dakika kumi," alisema. "Ujikunje vizuri."

Dakika kumi! Lynette alizitumia kupekua jalada. Alirudi kwenye maelezo ya Seline ambayo jana aliyasoma huku akipiga miayo. *Mimi niliitundika dripu saa nane. Ilikuwa inashuka vizuri. Saa tisa kasorobo nilikuta daktari Amolo amesimama hapo, akaniambia mrija umeziba, anauzibua na sindano. Nikaenda kitanda kingine.* Pembeni yake Lynette mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: anatafuta wa kumlaumu.

Akafungua ukurasa mwingine, maelezo ya mjane Nyakio. Mengi yalikuwa ya kilio tu. Lakini kati ya kilio palikuwa na mistari miwili. *Mzee wangu alikuwa anacheka. Alisema huyu daktari wa wodi alikuwa mwanafunzi wake, na hakumaliza hata form two. Alisema akipona atamuuliza udaktari alisomea wapi.*

Aliisoma mistari hiyo mara tatu.

"Tayari," Mbuthia aliita.

Alifungua kidirisha cha sanduku. Maji safi, giza. Maji ya kichupa cha Mama Selpha, mwanga wa kijani, mkali, usio na haya. Dripu ya Seline, giza totoro.

"Hana hatia," Mbuthia alisema. "Haki ya Mungu, nimeweka sahihi na hana hatia."

"Potasiamu iliingia mshipani lakini si kwa dripu," Lynette alisema. "Daktari, kwa vitu nilivyokuletea, kulikuwa na sindano. Ilitoka kwenye boksi la taka la kitanda namba tatu."

"Iko kwa friji."

"Uliipima?"

"Hukuniambia niipime. Ulisema dripu. Na dripu iling'aa, sasa ningepima nini tena?"

"Ipime sasa."

"Ndani imebaki tone."

"Lipime hilo tone!"

Mbuthia alilifyonza tone, akaliweka kwenye kichupa cha nne cha plastiki, uzi, rangi, sanduku, kifuniko. Dakika kumi nyingine. Lynette alisimama dirishani. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanatafuna bila wasiwasi wowote. Alijaribu kufikiria hatua zinazofuata kwa utaratibu, kama alivyofundishwa: kumrudisha Austine wodini, kumwita Amolo stesheni, kumtoa Seline. Kumrudisha Austine kwanza. Alitoa simu mfukoni.

Palikuwa na ujumbe. Ulikuwa umeingia nusu saa iliyopita, na mlio wake haukusikika uani. Ulitoka kwa binti wa Mzee Obonyo.

*Madam Mungu ni mwema!! Baba ameongea leo, ametaja jina langu. Nimekimbia nyumbani kumpikia uji. Daktari Amolo amefurahi sana amesema atakaa na yeye mwenyewe mpaka nirudi.*

Kuna hofu inayopiga kelele na kuna hofu inayonyamaza. Hii ilinyamaza.

"Inspekta," Mbuthia alisema nyuma yake. "Kuja uone."

Hakuhitaji kwenda. Kutoka pale alipokuwa aliona kijani kikimulika kidevu cha Mbuthia.

"Nipe simu yako," alisema. "Hapana. Shika wewe, piga namba hii. Ni Konstebo Austine, amelala stesheni. Mwambie Amolo ndiye muuaji na yuko na mzee sasa hivi. Mwambie akimbie. Toka nje uongee huko, usisikike nikiwa kwa laini."

Mbuthia alitoka bila swali. Lynette akapiga namba ya matroni, ikasema mteja hapatikani. Akapiga simu ya mezani ya wodi. Ililia mara nne. Mara tano. Kila mlio aliuona kama sindano inasukumwa.

"Wodi ya tatu, haloo?"

Ilikuwa sauti ya Amolo.

Hapo ndipo mtu hujijua. Lynette alifumba macho, akatafuta ile sauti yake ya saa tatu asubuhi, sauti ya mtu aliyemaliza kazi, akaipata.

"Daktari Amolo! Afadhali nimekupata wewe. Ni Inspekta Ayoo."

"Inspekta. Kuna shida?"

"Shida ni za ofisi tu. Mzee wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Ameanza kutamka." Mahali fulani nyuma yake palisikika mkoromo wa mtu anayejaribu kusema na hawezi. "Ni yeye huyo, anasumbua. Mrija wake umeziba, nilikuwa nataka kuuzibua."

Umeziba. Neno lile lile. Lynette alikumbuka wodi ilivyopangwa: meza ya manesi iko mlangoni, simu ina waya, na kutoka mezani hadi kitanda namba nne ni hatua sita. Alizihesabu mwenyewe siku ya kwanza. Maadamu mkono wa Amolo umeshika mkonga wa simu, haufiki kitandani.

"Kabla hujashika kitu, Daktari, nisaidie. Hakimu anaketi saa nane na faili ina pengo. Bila maelezo yako Seline ataachiliwa leo."

"Ataachiliwa?"

"Leo hii. Wakili wake ni moto."

Alimsikia akivuta pumzi. Kisha kiti kilikwaruza sakafu. Alikuwa ameketi. Lynette naye alipumua kwa mara ya kwanza.

"Andika basi," Amolo alisema.

"Jina lako kamili kwanza."

Alitaja. Aliulizwa kitambulisho, akataja. Aliulizwa amefanya kazi hapo tangu lini, akataja, upesi kidogo. Alisema alimwona Seline akiidunga dripu kwa sindano. Siku zote tano hakuwa amesema hivyo. Lynette alirudia kila neno polepole, "a-ki-i-du-nga," kama anayeandika, na mkononi hakuwa hata na kalamu. Kwa dirisha aliona Mbuthia uani akitembea duara, simu sikioni, mkono mwingine hewani. Mbuthia alimwonyesha vidole vinne. Dakika nne Austine afike.

"Na alikuwa amevaa glavu?"

"Ndiyo."

"Rangi gani?"

"Inspekta, rangi ya glavu ni ya nini?"

"Wakili ataiuliza. Na jina la baba yako?"

"Nimeshakupa jina la baba yangu."

"Samahani. Narudia tu."

Mkoromo wa Mzee Obonyo ulisikika tena, wa juu zaidi, ukakatika.

"Inspekta, uko wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini kuna ng'ombe?"

Huko nje ng'ombe wa Kapseret alikuwa amelia, mara moja tu, mwana haramu yule.

"Hebu ngoja dakika moja," Amolo alisema kwa upole. "Nimzibulie mzee huu mrija, halafu narudi tumalize."

"Daktari, bado swali moja. Daktari!"

Mkonga uligonga meza. Hakuwa ameikata simu, aliuweka tu. Lynette alisikia viatu. Hatua ya kwanza. Ya pili.

Ukweli ni kwamba hakufikiri. Hakuna mafunzo yanayomwambia mtu afanye alilofanya. Alijaza mapafu, akapiga ukelele ndani ya simu, ukelele uliomwinua Mama Selpha kwenye ndoo na kuwarusha kuku uani.

"MZEE OBONYO! CHOMOA HUO MRIJA! CHOMOA NA MKONO WA KUSHOTO! ANAKUUA! CHOMOA!"

Viatu vilisita. Kisha vikaenda mbio.

"CHOMOA, BABA! CHOMOA!"

Kitu cha chuma kilianguka. Kitanda kilikwaruza. Mtu aliguna, mtu akatukana, glasi ikapasuka. Mashine ikaanza ule mlio wake mmoja mrefu ambao Lynette aliujua, ule wa moyo uliosimama. Mlango uligongwa ukutani. Sauti nyingi kwa pamoja, kishindo, mtu mzito akianguka. Halafu mlio ule mrefu peke yake.

Mbuthia alikuwa amerudi ndani. Alisimama kando yake, mikono kichwani.

Mkonga uliokotwa.

"Madam?" Alikuwa Austine, anahema kama aliyetoka kukimbia mlima. "Madam, nimemkalia. Nilikuja na pikipiki ya nduthi, lifti ilikuwa mbovu nikapanda ngazi. Nimemtia pingu."

"Sindano?"

"Ninayo hapa, nimeishika na karatasi."

"Imejaa au tupu?"

Austine aliigeuza kwenye mwanga. "Tupu, Madam."

Lynette aliketi sakafuni.

"Tupu kabisa?"

"Tupu. Lakini sakafu imelowa. Kuna maji na damu hapa chini, na shuka pia. Mrija uko nje, Madam, uko hapa chini. Mzee ameuchomoa. Na waya za hii mashine amezivuta zote, ndiyo maana inalia."

"Anapumua?"

Lynette alisikia mkonga ukiwekwa, hatua sita zikienda, sauti ya Austine mbali, ikiuliza kwa upole jambo asilolisikia. Mashine ikanyamazishwa. Hatua hazikurudi. Badala yake Austine alipaza sauti kutoka huko huko kitandani, sauti iliyovunjika, ya mtu anayejifuta machozi na hataki ijulikane.

"Anapumua, Madam! Ananiangalia! Siwezi kukuja kwa simu, amenishika mkono na ule wa kushoto, hataki kuachilia!"

"Hiyo sakafu mtu asiikanyage!" Lynette alipiga kelele. "Ita manesi wote! Na wewe kaa hapo hapo!"

"Nikae mpaka saa ngapi?"

Lynette alifuta uso kwa mkono wa shati, akauleta mdomo karibu kabisa na simu.

"Usitoke, Austine. Hata mimi mwenyewe nikikupigia nikuambie utoke, usitoke."